Mlango wa jengo la kujitolea: kadi ikipotea, nani ataifuta?

Siku kamati yetu ilipoamua kuachana na funguo za kawaida, tulianza kwa kuwaomba watu wote wazirudishe. Daftari lilisema tumetoa funguo 12. Zilirudi 19. Baadhi ziling'aa kwa upya, zimechongwa juzi juzi tu, na mbili zilitoka kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka waliwahi kushika kazi gani kwenye jengo. Hakukuwa na nia mbaya. Mtu anasafiri, anamwachia mwenzake ufunguo ili kwaya isikose mazoezi. Mwenzake anachonga wa akiba asije akasumbua watu usiku. Mwaka unapita, wa pili unapita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini sisi daftari tulikuwa nalo. Tulichokosa ni njia ya kumwondolea mtu ruhusa bila kumfuata alipo na kumwomba ufunguo mkononi.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya mlango wa kielektroniki, na kwa jengo linaloendeshwa na watu wa kujitolea naiona inazizidi nyingine zote. Ukumbi wa jamii, maktaba ndogo, karakana ya pamoja, kituo cha vijana: kote huko hakuna anayelipwa kukaa mlangoni, na wenye dhamana hubadilika kila mkutano mkuu. Anayeujua mfumo leo anaweza kuhamia mji mwingine mwezi ujao. Kwa hiyo watu wakiniuliza wanunue mfumo gani, nami huwauliza: kadi ikipotea Ijumaa usiku nani ataifuta, atatumia nini kuifuta, na yeye asipopatikana ni nani mwingine anayejua? Mkikosa jibu la hapo, hata mfumo wa bei kubwa utawafikisha kwenye funguo 19.

Kinachotokea unapogusisha kadi

Unagusisha kadi, unasikia mlio, mlango unaachia. Inaonekana ni tendo moja, kumbe ni vitu vinne vinavyopeana habari. Kadi inajitambulisha. Kisoma kadi kilicho ukutani, nje, kinaupokea utambulisho huo na kuupeleka ndani. Ndani kuna kidhibiti, kisanduku chenye orodha ya watu na saa wanazoruhusiwa, na hicho ndicho kinachoamua. Kikikubali, relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inabofya, umeme unapelekwa kwenye kitasa au unakatwa, na mlango unakuwa wazi kwa sekunde chache.

Angalia vizuri kipi kiko nje na kipi kiko ndani. Vifaa vingi vya bei nafuu vimejumuisha kisoma kadi, vibonye vya namba, kidhibiti na relei ndani ya kisanduku kimoja kinachofungwa nje ya mlango. Fundi mmoja alituonyesha ubaya wake kwenye mlango wetu wenyewe. Alilegeza skrubu moja iliyokuwa chini ya kisanduku, akakivuta kikabaki kinaning'inia kwa nyaya zake, akachagua nyaya mbili na kuzigusanisha. Kitasa kikalia, mlango ukaachia. Hakutumia kadi wala namba ya siri, na haikufika dakika moja. Relei, yaani swichi yenyewe ya mlango, ilikuwa upande anaosimama mwizi.

Basi sharti la kwanza: nje kikae kisoma kadi peke yake, na kidhibiti kikae ndani, kwenye chumba au kabati lenye kufuli. Kama kisanduku cha aina hiyo tayari kiko ukutani na fedha ya kubadilisha chote haipo, baadhi ya watengenezaji huuza relei ya pembeni inayofungwa ndani na kupokea amri kwa njia ya siri, na kugusanisha nyaya za nje hakutasaidia kitu tena.

Njia inayounganisha kisoma kadi na kidhibiti nayo ina historia. Kwa miongo mingi mifumo imetumia mtindo unaoitwa Wiegand, ambao hupeleka namba ya kadi waziwazi kwenye nyaya mbili. Anayeweza kufika nyuma ya kisoma kadi anaweza kupachika kifaa kidogo kinachorekodi namba hizo na kuzirudia baadaye. Mtindo mpya, OSDP, ambao tangu 2020 ni kiwango cha kimataifa, unaruhusu mazungumzo hayo yasimbwe, yaani yafichwe kwa lugha ya siri, na kidhibiti hujua kama kisoma kadi kimeng'olewa. Mkianza upya, chagueni OSDP na mhakikishe fundi amewasha usimbaji wake, maana mfumo unaweza kufanya kazi vizuri kabisa hata usimbaji ukiwa umezimwa. Kama mna Wiegand kwenye jengo dogo na nyaya zimepita ndani ya ukuta, sioni haja ya kubomoa kesho.

Kadi zinafanana kwa macho tu

Kadi nyeupe ni kadi nyeupe, na tagi ya bluu ya kuning'iniza kwenye funguo ni ile ile kila duka. Tofauti iko ndani, na ni kubwa.

Za zamani hufanya kazi kwenye masafa ya kilohezi 125. Kadi hizi hazina siri yoyote. Zikipata nguvu kutoka kwa kisoma kadi zinataja namba yao, na huitaja kwa yeyote anayeuliza. Kifaa cha kunakili kinaenea kiganjani na kazi yake ni ya sekunde. Kwa lugha ya funguo, hizi ni rahisi kuchonga kuliko ule wa shaba, kwa sababu mwenye nayo hahitaji hata kuitoa mkononi.

Kisha zikaja za megahezi 13.56, na hapa ndipo kamati nyingi hudanganyika. Moja yao, MIFARE Classic, ilitoka mwaka 1994 ikiwa na usimbaji wake wa siri, wenye ufunguo wa biti 48. Watafiti waliufumbua usimbaji huo, na mwaka 2008 wale wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuwa tayari kuchapisha jinsi unavyovunjwa. Kampuni ya NXP, mtengenezaji wa chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji, mahakama ikakataa. Tangu hapo siri haipo, lakini kadi bado zinauzwa na kufungwa kwenye milango mipya.

Ninayoipendekeza ni familia ya kadi za DESFire, toleo la EV2 au EV3, au nyingine inayotumia usimbaji wa AES wa biti 128. Kadi hii haitoi siri yake. Kisoma kadi huipelekea fumbo, nayo hujibu kwa namna inayothibitisha kwamba ina ufunguo sahihi, bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Ukisikiliza mazungumzo hayo hutoki na kitu cha kunakili.

Lakini kuna mtego. Kwa kawaida kadi ya jamii hii ina namba ya kiwandani inayosomeka na yeyote, hata kwa simu. Mafundi wengine hufunga kadi nzuri za DESFire kisha wakauagiza mfumo usome namba hiyo tu, kwa sababu kazi inakwisha haraka. Mmelipia kufuli la benki, limefungwa kwa uzi. Muulizeni fundi kwa maneno haya haya: "Mfumo unasoma namba ya kiwandani, au unathibitisha kadi kwa ufunguo wa AES?" Akisitasita, mwombeni alete jibu la maandishi.

Akisema anatumia ufunguo, lipo swali la pili ambalo watu wa kujitolea hulisahau: ufunguo huo ni wa nani? Ukiwa wa fundi peke yake, kila kadi mpya mtainunua kwake, na siku mkikosana au akifunga biashara, kadi zote mlizogawa zitabaki plastiki tupu. Dai ufunguo uwe wa jengo, uandikwe, uwekwe kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na hati nyingine za jengo. Hilo liwemo kwenye mkataba kabla ya malipo.

Namba ya siri ya kubonyeza inavutia kwa sababu haigharimu kadi. Tarakimu 4 zinatoa michanganyiko 10,000, na hiyo inatosha mpaka utazame vibonye vyenyewe baada ya mwaka: vinne vimefifia, sita ni vipya. Anayejua tarakimu zipi zinatumika amebakiwa na mipangilio 24 ya kujaribu. Tena namba moja ya watu wote ni ufunguo usio na idadi. Kuibadilisha ni kuwaarifu watu 60, kwa hiyo haibadilishwi. Naikubali kwa kitu kimoja: kila mtu awe na namba yake, au namba ya muda kwa mgeni wa siku moja, inayokufa yenyewe jioni.

Alama za vidole nazikataa kwa jengo la aina hii. Kadi ikivuja unaifuta na kutoa nyingine. Kidole huwezi kukibadilisha. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi katika nchi nyingi huzipa alama za mwili uzito wa pekee, na kamati inayokutana mara moja kwa mwezi haipaswi kujitwisha mzigo huo. Mikono ya watu wa karakana, yenye saruji na mafuta, mara nyingi haisomeki hata hivyo.

Simu ni nzuri kwa wanaoitaka. Isiwe njia pekee. Kila jengo la kujitolea lina mtu anayefungua milango kuliko wote, mwenye simu ya vibonye au betri iliyochoka, na mfumo unaomwacha yeye nje umeshindwa kazi yake.

Kutoka kwanza, kuingia baadaye

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua na watu 146 wakafa. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Nauleta mkasa huo hapa kwa sababu kamati zikikaa kuchagua mfumo, mazungumzo yote huwa ni ya kuzuia watu kuingia, na kitasa kinachouzwa kwa maneno hayo kinaweza kuzuia watu kutoka.

Vitasa vya umeme viko vya tabia mbili. Kipo kinachoachia umeme ukikatika, na kipo kinachobaki kimefunga. Sumaku kubwa inayofungwa juu ya mlango ni ya aina ya kwanza daima: inashika kwa umeme, na pasipo umeme ni chuma tu. Aina ya pili inayofahamika zaidi ni bamba la umeme kwenye fremu, yaani pale ambapo ulimi wa kitasa huingia. Bamba likipata umeme linalegea na ulimi unapita. Likikosa, linabaki limebana.

Neno "kubaki kimefunga" huwatisha watu wa usalama wa moto, na hofu hiyo inaondoka mkiuangalia mlango kwa upande wa ndani. Kwenye bamba la umeme, kitasa cha kawaida bado kipo, na mkono wake wa ndani unauvuta ulimi kwa nguvu ya mkono. Umeme uwepo usiwepo, kidhibiti kiwe kizima au kimeungua, mtu aliye ndani anashusha mkono wa kitasa na anatoka. Hahitaji kujua lolote. Kwa jengo lenye mikusanyiko, huo mkono ubadilishwe uwe ule upau wa kusukuma kwa kiuno, ambao hata umati wenye hofu unaufungua kwa kuuegemea.

Sumaku haina ukarimu huo. Mlango wake hauna mkono wa kitasa, kwa hiyo anayetoka hutegemea kitufe, na kitufe hutegemea nyaya na kidhibiti. Ndiyo maana pembeni lazima pawe na kile kisanduku cha kijani cha kuvunja au kubonyeza wakati wa dharura, na lazima kikate umeme wa sumaku moja kwa moja kwenye waya wake. Nimeona kimoja kilichounganishwa kupeleka "ombi" kwenye kidhibiti; kidhibiti kikiganda, ombi linafika kwa asiyesikia. King'ora cha moto nacho kikate umeme huo huo. Kabla ya kununua sumaku yoyote, mwoneni mkaguzi wa moto wa eneo lenu, kwa sababu kanuni za milango ya kutokea hazifanani kila mahali na yeye ndiye atakayetia saini.

Hesabu ya betri nayo inaipinga sumaku. Sumaku kubwa hunywa takriban ampea nusu ya volti 12, saa 24 kwa siku. Kidhibiti na kisoma kadi tuseme vinahitaji ampea 0.2. Betri ya akiba ya kawaida ni ya ampea-saa 7. Pamoja na sumaku, 7 gawanya kwa 0.7 ni saa 10 kwenye karatasi, na betri ikiwa ya miaka mitatu hata nusu yake ni bahati. Ikiisha, jengo liko wazi usiku kucha. Bamba la umeme hunywa wakati wa kufungua tu, kwa hiyo betri ile ile inahudumia vile vya 0.2 peke yake: saa 35 kwenye karatasi, na ikifa, mlango umefunga na waliomo wanatoka.

Kosa jingine dogo lenye usumbufu mkubwa ni waya mwembamba. Nyaya za king'ora za milimita za mraba 0.22 ziko kila duka, na fundi mwenye haraka huzivuta mpaka kwenye kitasa. Kitasa kikiwa mita 50 kutoka kwenye umeme, waya wa kwenda na kurudi ni mita 100, ukinzani wake unakaribia omu 8, na ampea nusu inapoteza karibu volti 4 njiani. Volti 12 zinafika 8. Mlango unafunguka asubuhi, jioni unagoma, na watu wanalaumu kadi. Mwambieni atumie waya mnene kwa kitasa, na aweke dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili yake ili mshtuko wa umeme wakati wa kuzima usiile relei.

Orodha inakaa wapi

Kuna mifumo ambayo kila mguso wa kadi huuliza seva iliyo mbali. Kuna mingine ambayo orodha imo ndani ya kidhibiti chenyewe, na intaneti hutumika kuibadilisha tu. Chagueni ya pili bila kusita. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotoweka mtandaoni kwa karibu saa sita, iliripotiwa kwamba hata wafanyakazi wake walishindwa kuingia katika baadhi ya majengo kwa kadi zao. Kampuni hiyo ina jeshi la wahandisi. Ninyi mna mhazini na fundi wa Jumamosi.

Mifumo ya kulipia kila mwezi ina uzuri wake halisi: unaifuta kadi ukiwa kitandani, na nakala ya orodha haipotei kompyuta ikiungua. Ila somo la Agosti 2017 lisisahaulike. LockState, kampuni ya Marekani, ilituma sasisho lisilo sahihi kwa vitasa vinavyoendeshwa kupitia intaneti, na mamia vikaacha kufunguka kwa namba zake. Wenye navyo walilazimika kuving'oa na kuvirudisha au kusubiri vya kubadilishia. Kabla ya kusaini, ulizeni: tukiacha kulipa, milango itaendelea kufunguka kwa orodha iliyopo? Tunaweza kuitoa orodha yetu kwenye faili la kawaida? Bei ni kwa mlango au kwa mtu? Ya mwisho huumiza, kwa sababu jengo la kujitolea lina watu wengi wanaokuja mara moja moja.

Na kama kuna kijana hodari anayetaka kuutengeneza mfumo mwenyewe kwa kompyuta ndogo, msimvunje moyo. Mifumo ya namna hiyo ipo, inafanya kazi miaka, na mingine ni mizuri kuliko ya dukani. Sharti langu ni moja: mtu wa pili, ambaye hakuijenga, aweze kuifufua kutoka kwenye nakala kwa kufuata karatasi aliyoiandika wa kwanza, huku wa kwanza amekaa kimya. Kadi ya kumbukumbu ya kompyuta ndogo hufa bila kuaga, na siku hiyo kijana yule atakuwa masomoni.

Kazi inayobaki baada ya fundi kuondoka

Gaweni ruhusa kwa makundi, msigawe kwa mtu mmoja mmoja. Kwaya Jumanne jioni, walimu siku za shule, kamati muda wote. Kila kadi iwe na tarehe ya kufa, mwezi mmoja baada ya mkutano mkuu, na mwenyewe aombe kuongezewa. Hivyo aliyeondoka kimya anajifuta mwenyewe, na hakuna anayelazimika kumwonea haya mwenzake kwa kumnyang'anya. Wawe wasimamizi watatu, kila mmoja na nenosiri lake.

Mfumo utaandika nani aliingia saa ngapi. Amueni mapema nani anaruhusiwa kusoma, kwa sababu gani, na rekodi zifutwe baada ya siku ngapi. Sisi tulikubaliana 30, na lazima wawili wazifungue pamoja. Watu waliokuja kusaidia wasijikute wanahesabiwa.

Na silinda ya zamani, yaani pale ufunguo unapoingia kwenye kitasa, jamani. Tulifunga kisoma kadi kizuri, tukagawa kadi, tukafurahi, na kwa wiki mbili funguo zote zilizowahi kuchongwa ziliendelea kufungua mlango ule ule, kwa sababu kitasa chini ya kisoma kadi kilikuwa na silinda ile ile. Badilisheni silinda siku hiyo hiyo, mchukue ya aina isiyochongwa bila kadi ya umiliki, na muwe na funguo zake tatu tu, majina yakiwa daftarini.

Kabla ya kumlipa fundi salio, nendeni watu wawili siku jengo halina kazi. Zimeni umeme mkuu. Mmoja aingie ndani na kutoka kwa mkono wa kitasa, mwingine ajaribu kuingia kwa kadi inayotegemea betri. Andikeni saa. Chomoeni intaneti, mjaribu tena. Futeni kadi moja, muigusishe, msikie inakataliwa. Kisha bonyezeni king'ora cha moto na mtazame kila mlango. Rudini baada ya kupita muda wa saa 8, umeme ukiwa bado umezimwa, mwone kama kadi bado inafungua.